Kila Mtu Anauliza Mabao ya 1977, Hakuna Anayeuliza Watoto wa Chanika

Mwenyekiti, makocha wenzangu, wachezaji wastaafu, na wazazi niliowaona mmekaa kule nyuma karibu na mlango: sogeeni mbele, viti vipo. Mada niliyopewa inahusu maisha ya mchezaji baada ya kutundika daluga. Nitaizungumzia. Ila walionisikia kwenye kozi zilizopita wanajua nitaelekea wapi, na siwafichi: naelekea kwa watoto, na nitakaa huko mpaka mwenyekiti anikatishe.

Hapa kwetu mchezaji akistaafu anaulizwa mambo mawili. La kwanza, bao gani hulisahau. La pili, unaingia benchi la timu gani. Swali la tatu, yaani utawafundisha watoto wa umri gani na wapi, redioni sijalisikia. Na hilo la tatu ndilo lenye mpira wa nchi hii ndani yake.

Chukueni mfano wa Mzee Abdallah Kibadeni, King Mputa. Hapa sina haja ya kumtambulisha, hata yule kijana wa mwisho pale anajua habari za tarehe 19 Julai 1977. Simba sita, Yanga bila. Kibadeni peke yake matatu, Jumanne Hassan Masimenti mawili, na moja beki wa Yanga akajifunga. Hakuna mwingine aliyefunga mabao matatu katika mechi moja ya watani mpaka hivi leo. Basi Mzee wa watu, kila Julai ikifika, simu zinaanza: Mzee, tusimulie lile la kwanza. Mzee, lile la dakika za mwisho ulilipigaje. Miaka inapita, swali ni lile lile.

Sasa mtazameni huyo huyo kwa jicho lingine. Alikuwemo katika Simba ya 1974 iliyofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti. Mwaka 1993 alikuwa kocha wa Simba iliyofika fainali ya Kombe la CAF. Abidjan tukatoka bila kufungana na Stella, tukarudi Dar es Salaam nchi nzima ikiamini kombe limeshafika, tukafungwa mawili mbele ya Rais Mwinyi. Wazee mlio hapa mnakumbuka namna watu walivyotoka uwanjani siku ile. Mtu ambaye ameonja nusu fainali ya Afrika kwa miguu yake na fainali ya Afrika kwa akili yake, wangapi tunao? Na mtu huyo akaenda Chanika, nje ya mji, akafungua kituo cha kulea vipaji, KISA, akasimama kwenye vumbi na watoto.

Mimi hapo ndipo ninapoanzia. Nataka kusikia vipindi vya redio vikimuuliza: Mzee, mtoto wa miaka 12 akija kwako hajui kutumia mguu wa kushoto unaanza naye vipi? Yale ya 1993, ulipokaa ukayafikiri, yamekufanya uwafundishe nini hawa wa Chanika? Hayo maswali yana thamani kuliko dakika ya bao. Bao limeshaingia, halitoki.

Kuna mtu atasema kocha, hiyo ni historia ya kituo tu, vituo viko vingi, vinafunguliwa na kufungwa, faida yake iko wapi? Vizuri. Nikupe faida, na nitakupa kwa mechi uliyoiona mwenyewe.

Tarehe 20 Oktoba 2013, Uwanja wa Taifa. Yanga na Simba. Mapumziko Yanga tatu, Simba bila. Ngassa moja, Kiiza mawili. Wapenzi wa Simba wameanza kutoka, wengine wameshafika kwenye daladala, na wale waliobaki wanahesabu je, leo tunalipiziwa zile tano tulizowafunga mwaka jana au zitazidi? Kocha wa Simba siku ile ni nani? Kibadeni, na Julio msaidizi wake. Sasa jiwekeni kwenye chumba kile cha kubadilishia nguo. Uko nyuma mabao matatu mbele ya mtani. Kocha wa kawaida anaingiza wazoefu. Anatafuta mtu mwenye mwili, mwenye jina, ili hata akifungwa sita aseme niliwaingiza wakubwa wakashindwa. Kibadeni alimtoa Humud, akamtoa Chanongo, akamwingiza Said Ndemla na William Lucian, tunayemwita Gallas. Vijana wa timu B! Watoto waliokuwa wanacheza mechi za utangulizi jana tu.

Matokeo mnayajua. Mombeki, Owino, na mwishoni Kaze Gilbert. Tatu kwa tatu. Wale waliokuwa kwenye daladala wakaisikia redioni.

Haya, nasikia mnong'ono pale. Kwamba kocha, waliofunga ni watu wazima, Mombeki, Owino na Kaze, hao yosso wako, vijana wako wa timu B, wamefunga nini? Nashukuru umelisema, maana hilo ndilo kosa letu la kutazama mpira. Tunamtazama aliyeupiga wa mwisho. Mimi nawaomba mtazame kipindi cha pili kile kwa macho ya kazi. Kipindi cha kwanza kiungo cha Simba kilikuwa kinapokea mpira kikiwa kimeipa Yanga mgongo, kinarudisha nyuma, mabeki wanabutua, mpira unarudi. Ndemla alipoingia akawa anapokea akiwa ameshageuka. Ameshageuka! Mpira haujamfikia, yeye kifua chake kinatazama goli la Yanga. Pasi mbili, timu imevuka mstari wa kati. Hilo halifundishwi na kocha wa timu kubwa siku mbili kabla ya mechi ya watani. Hilo kijana amekuja nalo. Swali ni: alilitoa wapi?

Alilitoa timu B. Na timu B miaka ile ilikuwa mikononi mwa Selemani Matola.

Matola naye wengi mnamkumbuka kwa lile la 2003, kikosi cha James Siang'a kilichowavua Zamalek ubingwa wa Afrika kule kule Cairo. Tumeshinda moja Dar, tumefungwa moja Cairo, penalti, Kaseja langoni, Christopher Alex, Mungu amrehemu, akapiga ile ya mwisho. Matola alikuwa kiungo wa kikosi kile, na nahodha wa Simba, akaja kucheza Afrika Kusini, SuperSport United. Aliporudi na kumaliza kucheza, angeweza kukaa nyumbani akisubiri kupigiwa simu na timu ya Ligi Kuu. Akachukua vijana. Na mwaka 2012, kwenye mashindano yale ya Super8 ya benki ya ABC, Simba ikapeleka vijana kucheza na timu za wakubwa. Watu wakacheka. Wakasema Simba imeyadharau mashindano. Vijana wakaenda mpaka fainali, wakaifunga Mtibwa Sugar, wakachukua kombe. Edward Christopher, Singano yule tuliyemwita Messi, Chanongo, Seseme. Jonas Mkude naye ametoka mkono ule ule, na Mkude akaja kuwa nahodha wa Simba.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, maana hili nalisema kila mwaka na kila mwaka naambiwa limeeleweka, kisha mnaondoka mnafanya yale yale.

Baada ya vijana wale kuiva, nini kilitokea? Kabla ya mwaka 2013 kwisha, Kibadeni na Julio hawapo tena, ameletwa Logarusic kutoka Croatia, na Matola amepandishwa kuwa msaidizi wa timu kubwa. Amepandishwa. Wote tukapiga makofi. Mimi siku ile nilijiuliza: na wale watoto waliobaki timu B, amebaki nani nao? Tunafanya kama mfugaji anayemchinja ng'ombe wa maziwa kwa sababu amenenepa. Kocha wa vijana akifanya kazi mbaya, anabaki na vijana. Akifanya kazi nzuri, zawadi yake ni kuondolewa kwa vijana. Sasa niambieni, katika utaratibu huo, watoto watafundishwa na nani miaka kumi ijayo? Na wale walioshindwa kuondoka!

Simlaumu Matola hata kidogo. Mtu ana familia, timu kubwa inalipa, timu ndogo haina bajeti. Akaenda Lipuli ya Iringa, akaipeleka fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, ikafungwa na Azam moja kule Lindi. Akaenda Polisi Tanzania, akarudi Simba kuwa msaidizi. Zaidi ya mara moja benchi la Simba lilipovunjika, yeye ndiye aliyeshika timu, makocha wa kigeni wakiingia na kutoka. Ni kocha mzuri. Ninachosema ni kwamba ingekuwepo klabu yenye ujasiri wa kumwambia: kaa na vijana, tutakulipa kama kocha wa timu kubwa, tutakupa miaka kumi, na hatutakuuliza kombe, leo tungekuwa tunahesabu Mkude wangapi?

Kuna wanaoniambia kwamba hata Ulaya ni hivyo hivyo. Wanamtaja Gerrard. Wanamtaja Guardiola. Haya, tuwataje. Gerrard amechukua Klabu Bingwa Ulaya kule Istanbul 2005, ameichezea Uingereza mechi 114, amemalizia Los Angeles. Mwaka 2017 amerudi Liverpool, kwa watoto wa chini ya miaka 18. Msimu mmoja, kisha Rangers, akabeba ligi ya Scotland bila kufungwa. Guardiola mwaka 2007 alipewa Barcelona B, timu iliyokuwa daraja la nne la Hispania, viwanja vibovu, mwaka mmoja baadaye yuko timu kubwa na amepanda na Busquets na Pedro. Kwa hiyo ndiyo, wote wawili walitumia vijana kama ngazi. Lakini mliotaja mifano hiyo mmesahau nusu yake. Guardiola alipopanda, wale wa La Masia, kituo cha vijana cha Barcelona, hawakubaki yatima. Nyuma yake kulikuwa na makocha wa kila umri, wa miaka minane, wa miaka kumi, wa miaka kumi na miwili, watu ambao majina yao sisi hapa hatuyajui na ambao hawakwenda popote. Ukiondoa ngazi moja kwenye nyumba yenye ngazi nyingi, watu bado wanapanda. Sisi ngazi tuliyonayo ni moja.

Na kama mnataka jina la Ulaya, jina langu ni Eric Harrison. Mnaomjua hapa ni wachache, na hiyo ndiyo hoja yangu. Huyu alichezea Halifax, akachezea Hartlepool, timu za madaraja ya chini Uingereza, hakuna mtu angemuuliza bao gani hulisahau. Manchester United wakamchukua mwaka 1981 awafundishe vijana. Akakaa mpaka 1998. Miaka 17! Mwaka 1992 vijana wake walichukua Kombe la FA la vijana: Giggs, Beckham, Butt, Gary Neville, na nyuma yao kidogo Scholes na Phil Neville. Ferguson tunamwimba, na ni haki yake. Lakini Ferguson alipokea watu waliokwishafundishwa kupokea mpira. Na mmoja wao, Butt, alipostaafu akarudi hapo hapo kufundisha vijana, mwaka 2016 akawa mkuu wa kituo chao. Hivyo ndivyo kazi inavyorithishwa, mtu kwa mtu.

Kwa hiyo, wastaafu mliokuja, mlio na majina na msio na majina, Harrison anawahusu wote. Kuwa nyota si sharti. Lakini pia, na hili niliseme wazi kwa sababu wapo wanaodhani leseni ya ukocha ni usumbufu, kuwa nyota hakutoshi.

Niwaonyeshe ninachomaanisha. Nilikuwa natazama mazoezi ya mchezaji mmoja mstaafu, jina kubwa, simtaji. Uwanja ni huu wetu wa kawaida, vumbi, kona moja kuna dimbwi, koni hakuna, wametumia chupa za maji zilizotiwa mchanga. Watoto wa miaka kumi, kumi na moja. Zoezi ni kupokea mpira katikati na kugeuka. Kuna kijana mmoja mwembamba, kila akipokea anaupokea kwa mguu ulio karibu na mpira, anakuwa amempa mpigaji uso, amelipa goli mgongo, beki anamfunga. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yule mstaafu akakasirika: we vipi, geuka! Kijana anageuka, amechelewa. Mstaafu akasema leteni mpira, tazameni. Akapigiwa pasi, akaupokea kwa nje ya mguu, akazunguka, akapitisha mpira kati ya miguu ya beki, watoto wakalipuka kwa makofi. Mtaa mzima ukashangilia. Akamwambia kijana: umeona? Kijana akasema nimeona. Akapigiwa pasi, akaupokea vile vile kama mwanzo.

Hakuna aliyefundishwa kitu pale. Watoto walitumbuizwa.

Baadaye msaidizi wake, kijana mwenye leseni D tu, ambaye hajawahi kucheza hata daraja la kwanza, akafanya jambo dogo. Alimsogeza yule mtoto hatua mbili pembeni, akamsimamisha upande, bega moja kwa mpigaji, bega moja kwa goli. Kisha akasimama nyuma yake na kizibao, chekundu au cha njano, anakiinua. Akamwambia kabla mpira haujafika, geuza shingo uniambie rangi gani. Basi. Hakumwambia geuka, hakumwambia mguu gani. Mtoto akawa analazimika kutazama nyuma ili ajibu, na ukitazama nyuma mwili unafunguka wenyewe, na mwili ukifunguka mpira utaupokea kwa mguu wa mbali. Pasi ya nne ya tano hivi, kijana alipokea, akageuka, akaondoka. Akamtazama kocha kwa mshangao, kama vile mguu si wake.

Yule mstaafu alikuwa analijua jambo hilo kwa mwili wake miaka 15. Alikuwa analifanya mbele ya watu elfu sitini. Ila hakujua kwamba analifanya, kwa hiyo hakuweza kulitoa na kumpa mtu. Hiyo ndiyo sababu ya kusoma. Leseni D, leseni C, hazikufundishi mpira unaoujua. Zinakufundisha kuufungua ule unaoujua vipande vipande, umpe mtoto kipande kinachomtosha leo. Mkiwachukua wawili hawa, mstaafu na yule msaidizi, mkawaweka pamoja kwa miaka mitano bila kuwahamisha, hapo mmetengeneza shule. Mstaafu ana jambo moja msaidizi hana: anajua saa ya mechi kubwa inakuwaje tumboni. Kijana wa miaka 17 anayetetemeka kabla ya kuingia, hilo linatibiwa na aliyelipitia. Ndemla na Gallas hawakuingia tarehe ile wakiwa nyuma mabao matatu kwa sababu tu walijua kugeuka. Waliingizwa na mtu aliyewahi kufunga matatu mbele ya mtani huyo huyo, na ukiwa na umri ule, maneno ya mtu wa namna hiyo yanaingia mwilini.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naona. Nina mambo mengine manne, nitayapitia haraka.

Umri. Hili tulishaadhibiwa hadharani. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walifuzu kwenda mashindano ya Afrika kule Gambia, wakaondolewa kwa ajili ya umri wa mchezaji. Kikosi kizima kikabaki nyumbani, vijana wa haki na wasio wa haki. Siku hizi kuna kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono, hakuna pa kujificha. Mwaka 2017 ikawa zamu yetu kupata: Congo Brazzaville wakaondolewa kwa suala la umri, sisi tukaenda Gabon. Sare na Mali, waliokuja kuwa mabingwa, tukawafunga Angola, tukafungwa na Niger bao moja, tukakosa nusu fainali hapo hapo. Nahodha wa timu ile alikuwa Dickson Job. Mtibwa wakamlea, Yanga wakamchukua, Taifa Stars ikamchukua. Kocha wa vijana anayeghushi cheti anamfukuza Job mmoja ili amweke mtu mzima ashinde kikombe cha mtaa. Wazazi, nanyi pia, msitufuate na vyeti vipya. Tunaviona.

Matokeo. Klabu moja, siitaji, ilimfukuza kocha wa vijana kwa kufungwa mechi tatu mfululizo. Vijana! Mechi tatu! Aliyemrithi akaanza kupiga mipira mirefu kwa mtoto mmoja mkubwa wa mwili, wakaanza kushinda, uongozi ukafurahi. Mwaka 2019 tuliandaa mashindano ya Afrika ya vijana hapa hapa nyumbani, tukafungwa mechi zote tatu, na ile ya Nigeria ilikuwa tano kwa nne. Nne tuliwafunga Nigeria! Watu wakaikumbuka ile tano, wakatukana, wakataka kila kitu kivunjwe. Nilitoka uwanjani nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu. Timu ya vijana inapimwa kwa wangapi wanacheza ligi wakiwa na miaka 22. Andikeni hilo kwenye mikataba yenu kabla hamjasaini.

Wasichana. Hapa nilitaka kukaa sana, na nitaomba kozi ijayo nipewe muda wake wote. Bakari Shime, kocha wa wale vijana wetu waliokwenda Gabon 2017, ndiye aliyekwenda na Serengeti Girls Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022. Wakafungwa nne na Japani, watu wakazima televisheni. Wakawafunga Ufaransa mbili kwa moja. Wakatoka sare na Canada. Robo fainali ya dunia! Colombia ndiyo iliyotutoa. Timu gani nyingine ya mpira ya nchi hii, ya jinsia yoyote, umri wowote, imefika hapo katika Kombe la Dunia la FIFA? Na imefika na kocha ambaye alikaa na vijana, akahamia kwa wasichana, akakaa tena. Alikaa. Hilo neno mlipigie mstari.

La mwisho ni hela, maana najua ndilo mnalolisubiri, na hamkosei. Mtaniambia kocha, umesema tukae na watoto miaka kumi, tutakula nini? Ni swali la haki. Ada ya wazazi haitoshi, na wafadhili wanakuja na jezi wanaondoka na picha. Lakini kuna fedha halali ambazo vituo vyetu vinaziacha mezani. Kanuni ya FIFA inasema mchezaji akiuzwa kwenda klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa klabu zote zilizomlea tangu msimu aliotimiza miaka 12 mpaka 23. Miaka ile minne ya kwanza, kila msimu ni robo asilimia. Kuanzia miaka 16, kila msimu ni nusu asilimia. Mchezaji akiuzwa dola 1,000,000, msimu mmoja uliokaa naye akiwa na miaka 17 ni dola 5,000. Na akiuzwa tena, unalipwa tena. Fikirini dola 5,000 kwa timu ya Mbagala au ya Kirumba: ni mshahara wa kocha wa watoto kwa mwaka na zaidi, mipira, vizibao, na nauli za mechi.

Sasa kwa nini hamzipati? Kwa sababu mchezaji wenu hakusajiliwa. Alikuja, akavaa jezi, akacheza miaka mitatu, akaondoka, na hakuna karatasi inayosema alikuwa kwenu. FIFA hawalipi hadithi. Wanalipa usajili uliopitia shirikisho, wenye jina la klabu, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuondoka. Klabu isiyosajiliwa hailipwi hata kama mtoto alilala kwa kocha na kula kwa kocha. Kwa hiyo kabla ya kikao cha mchana, nimemwomba katibu aje na fomu za usajili wa klabu, ziko kwenye meza ile ya kulia. Mwenye kituo ambacho hakijasajiliwa aanzie hapo. Mwenye kituo kilichosajiliwa lakini watoto wake hawamo, achukue orodha, aandike kila mtoto kuanzia miaka 12, jina la cheti cha kuzaliwa, si la utani. Nimeshaona fomu imeandikwa Messi na nyingine imeandikwa Chuma. Andikeni jina la mzazi na siku aliyoanza kwenu. Wazazi mlio nyuma, nanyi nendeni meza hiyo hiyo, msaidieni kocha kwa nakala za vyeti.

Maswali tutayachukua uwanjani, saa nane, mkiwa mmevaa viatu vya mpira. Tutaanza na lile zoezi la vizibao, na wastaafu ndio mtakaokuwa watoto.